Injini Mpya ya Mke Mwenza

Injini ya Mke Mwenza ilikufa mzee akiwa na kijiko mdomoni. Haikuaga. Iligonga kama mtu anayepigilia misumari ndani ya sufuria, ikalitikisa gari zima, ikakwama, na uani kukawa kimya. Mzee akautema uji, ukamtiririka kifuani, kisha akafumba mdomo kama mtu anayeogopa kung'olewa jino. Tangu hapo hakuufungua tena kwa chakula.

Mke Mwenza ni gari, jamani, msije mkamfikiria vibaya mzee wa watu. Ni teksi kuukuu, ndefu, yenye rangi mbili na nusu, hiyo nusu ikiwa ni kutu. Jina lilitoka kwa marehemu mkewe. Yule mama aligawana mume na lile gari maisha yake yote ya ndoa, na kila mzee alipojilaza chini ya injini siku ya mapumziko, mama alipita na beseni la nguo akisema, "Haya, leo zamu yake. Mimi nangoja yangu." Watu wakacheka, jina likanata.

Na mzee alikuwa na tabia moja ambayo madereva wenzake walimtania nayo kijiweni miaka yote. Alikula injini ikiunguruma. Stata ilikuwa mbovu tangu enzi. Ukilizima gari, uanze kutafuta watu wa kusukuma, na huku foleni ya teksi inasogea wewe umebaki unatoa macho. Kwa hiyo mzee alikula kwenye usukani, sahani mapajani, gari likitetemeka na yeye akitetemeka nalo. Stata ilikuja kutengenezwa. Tabia haikutengenezeka. Hata nyumbani mama alimpelekea chakula uani, akampa kupitia dirishani kama anayemhudumia mteja, na mzee akala, akakohoa, gari nalo likakohoa.

Akili ya mzee ilipoanza kumtoka, haikutoka kwa kishindo. Ilitoka kama hewa kwenye tairi lenye mwiba. Alisahau njia ya dukani. Akasahau kwamba mkewe alikwisha kufariki, akawa analia upya kila alipoambiwa, mpaka wakaacha kumwambia. Akasahau sura ya mwanawe wa kiume, aliyekuwa anamwosha, anamvisha na kumfunga vifungo kila asubuhi. Akawa anamwita "wewe fundi" au "wewe kijana". Mwisho akasahau kula. Mezani aliitazama sahani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

Huyo mwanawe ni mshonaji. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na mtaa mzima unamwita Tepu kwa sababu ya tepu ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake tangu anapoamka; mkewe husema kuna siku alimwona anataka kuoga nayo. Ni Tepu aliyeigundua dawa, na aliigundua kwa kukata tamaa. Siku moja, baada ya kubembeleza mpaka sauti ikamkauka, alimketisha baba yake kwenye usukani wa Mke Mwenza ili angalau apate upepo, akawasha gari bila sababu yoyote. Mzee alishika usukani. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Halafu akasema kwa sauti ya zamani kabisa, sauti ya mwenye nyumba, "Chakula kiko wapi? Nina abiria."

Alikula sahani nzima. Tepu alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, kamasi na machozi, bila aibu.

Kuanzia siku hiyo kila mlo ulikuwa uani. Gari halikwenda popote; magurudumu yalizama udongoni na kuku wakataga chini yake. Kwenye bomba la moshi waliunganisha mpira mrefu unaotokeza nje ya ukuta, upande wa barabara, na jirani akawa haishi kunung'unika kwamba nguo zake kwenye kamba zinanuka petroli. Lakini mzee alinenepa. Asubuhi uji, mchana viazi, jioni wali, injini ikiunguruma, mzee akitafuna na kuwalaani madereva wasiojua kupanga foleni. Haikuwa raha ndogo hiyo.

Mpaka asubuhi ile ya kijiko.

Nati, fundi wa magari wa mtaa wa pili, alikuja mbio na boksi lake la spana. Ni mtu mnene, mpenda utani, lakini alipofungua boneti utani ulimkauka. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu, na kwenye ncha yake palikuwa na kitu cheusi kizito, kama masizi yaliyopikwa.

"Kaka, mara ya mwisho kubadilisha oili ni lini?"

"Kubadilisha?" Tepu akashangaa. "Gari halijatembea."

"Halijatembea, lakini linaunguruma."

"Linaunguruma, ndiyo. Lakini kilomita haijaongezeka hata moja. Tazama mwenyewe, namba zilezile."

Nati alimtazama, akatazama kile kijiti, akakiweka chini polepole. "Injini haijui kama magurudumu yanazunguka, kaka," alisema. "Yenyewe ilikuwa safarini siku zote hizo. Tena kwenye jua, bila upepo wa mbele."

Msimcheke Tepu. Nyumba nzima ilifikiri hivyohivyo, hata jirani wa moshi. Taa ya oili kwenye deshibodi ilikufa kabla Tepu hajaota ndevu, na yeye alifikiri kama mshonaji: suti iliyotundikwa kabatini haichakai magoti. Sasa mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ubavu wa bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini, tundu la kupitisha ngumi. Nati alilimulika kwa tochi ili Tepu alione. Tepu aliliona, akaketi palepale kwenye udongo wenye oili.

"Nimeiua mimi," alisema.

"Imekufa kwa kiu," alisema Nati, akidhani anamfariji.

Ingekuwa ni gari tu, mtu angelipiga teke akaenda zake. Lakini daktari alikwisha sema, tena kwa maneno ya wazi: mzee akirudi kliniki akiwa amepungua tena, analazwa na kuwekewa mpira wa chakula puani. Na Tepu alijua kulazwa kulikuwaje. Mara ya kwanza mzee alichomoa sindano za maji, akatafuta funguo za gari chini ya vitanda vya wenzake, na wauguzi, ambao walikuwa wachache na wamechoka, wakamfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda kwa bandeji. Tepu alimkuta asubuhi vifundo vya mikono vimevimba, anamwita marehemu mkewe amfungulie mlango. Alimfungua yeye, fundo moja baada ya jingine, na kila fundo alilolifungua alikula kiapo. Baba hatafungwa tena. Kliniki ilikuwa wiki inayofuata.

Dada yake mkubwa alikuja jioni ileile, hata mkoba hajautua. Huyu dada ana mdomo, lakini ana moyo pia, na siku hiyo vyote viwili vilikuwa vinamuuma.

"Mdogo wangu, gari limekufa na baba anakufa. Unamfufua yupi?"

"Nikimfufua mmoja nimewafufua wote wawili."

"Acha maneno matamu. Mpeleke hospitali."

"Wamfunge tena?"

"Bora afungwe mikono akiwa hai kuliko tumfunge sanda!" Akasema hivyo, kisha akajiziba mdomo, akaangua kilio, na mke wa Tepu akampisha kiti.

Walijaribu kila kitu, jamani, kwa udi na uvumba. Walimpeleka kwenye gari la Nati, likawashwa. Mzee alikataa hata kuinua mguu. "La watu hilo," alisema. Mke wa Tepu alikuwa na video kwenye simu, mzee akila, Mke Mwenza akiunguruma nyuma. Waliiunganisha kwenye spika kubwa, wakaificha chini ya kiti, wakamketisha mzee. Akasikiliza kidogo. "Zimeni redio," akasema, akafumba mdomo. Siku moja Tepu, akili zimemruka, alilibeba cherehani lake la miguu, akaliweka nyuma ya kiti cha dereva, akaketi humo amejikunja, akawa analikanyaga kwa nguvu zote bila kitambaa, jasho linamtoka, mkewe amesimama dirishani na uji.

"Nani anashona?" akauliza mzee.

Mke wa Tepu alicheka, hakuweza kujizuia; na alipomwona mumewe bado anakanyaga, macho yamemtoka, hasikii wala haoni, alikiweka chini kikombe cha uji, akamshika mguu. "Basi, baba watoto," alimwambia. "Basi."

Usiku huohuo Tepu alifikia uamuzi wake, na si vibaya kusema kwamba ulikuwa na mantiki. Gari la watu mzee hakulitaka. Sauti tupu ya spika hakuitaka. Basi anachotaka ni kiti chake, usukani wake, kioo chake chenye ufa, na gari lenyewe liwe linawaka. Hapo ndipo kosa lilipolala, limejifunika gubigubi, na wala hakuna aliyeliona. Kulipokucha alimwendea Nati. "Tunatia injini nyingine."

"Ipi?"

"Yoyote itakayoingia."

Nati alikuna tumbo. Akaanza kumtajia mambo ya kupanga: maunti za kuishikilia, rejeta ya kuipoza, petroli ifike vipi, waya, bomba la moshi, klachi, gia boksi, propela...

"Gia za nini? Haliendi popote."

Nati akakuna tumbo tena. Halafu tabasamu lake la kwanza tangu kifo cha injini likaja taratibu. "Kumbe! Basi kazi nusu imekwisha. Ikae, ipumue, inywe, ipoe. Mengine tunaachana nayo."

Wakaiopoa injini mfu kwa cheni iliyofungwa kwenye mti wa boriti, wakaiburuta pembeni. Na hapo Tepu akaingia kazini kwa ujuzi wake. Alipima shimo la boneti kama anayempima bwana harusi: upana kati ya chuma na chuma, kina, umbali kutoka kwenye feni hadi rejeta. Alikusanya maboksi ya dukani, akakata, akashona kwa uzi wa gunia, akatengeneza injini ya maboksi, na tumbo lake la oili, na shingo ya kabureta. Akaijaribisha mle ndani. Ikagusa chuma cha usukani. Akaitoa, akaipunguza kiunoni, akairudisha. Nati alisimama kando ameshika kiuno. "Tangu nizaliwe sijaona injini inajaribishwa kama gauni," alisema. Tepu hakucheka. Alikuwa na pini mdomoni, na ndani ya nyumba baba yake alikuwa amelala chali, mashavu yamebonyea, mke wa Tepu anamlowesha midomo kwa pamba.

Maji tu ndiyo aliyokubali. Maji, na safari nyingine chai ya vuguvugu, ukimvizia.

Yadi ya vyuma chakavu iko nyuma ya stendi ya malori, na mwenyewe anaitwa Kilo, kwa sababu hata salamu nusura aiweke kwenye mizani. Walikwenda Nati, Tepu na ile injini ya maboksi chini ya kwapa la Tepu. Kilo aliitazama akauliza kama hiyo nayo wanauza. Kisha akawaonyesha injini mbili.

Ya kwanza ilikuwa pacha wa ile iliyokufa. Sura ileile, kabureta ileile, hata kovu la kiwandani pale ubavuni. Nati aliipapasa kama anayemkuta ndugu aliyepotea. "Hii ni tumbo moja na yako," alisema. Akaishika kwa spana kubwa, akaizungusha kwa nguvu zote hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Haikusogea. Ilikuwa imeganda kwa kutu. "Inafufuka hii. Lakini kutoa pistoni, kupeleka bloku ikachongwe, kusubiri zamu karakana... Tuseme mwezi. Pengine na zaidi."

"Baba hana mwezi."

"Najua."

Ya pili ilitoka kwenye gari dogo la kisasa lililogongwa nyuma. Ilikuwa safi, fupi, na vipimo vyake vililingana na injini ya maboksi isipokuwa kidogo upande wa feni. Kilo aliiwekea betri, akaning'iniza chupa ya petroli, akaigusisha waya. Iliamka papohapo. Aliweka bilauri ya maji juu ya kifuniko chake, akajitenga na kukunja mikono.

"Tazama maji," alisema. "Yanatikisika?"

Hayakutikisika.

Hapo kuna kitu kilimgusa Tepu moyoni, kidogo tu, kama uzi unaokwama kwenye sindano. Aliitazama ile bilauri. Aliitazama ile pacha yenye kutu. Nati akamwambia, "Hii hata jirani yako atalala. Tena nakuwekea na sailensa mpya, mzee asipate bughudha masikioni," na Tepu akacheka, kicheko chake cha kwanza baada ya siku nyingi, na kile kitu kikapita. Alikuwa amechoka. Ukimwona mtu anazama, humuulizi anachagua kamba ya rangi gani.

"Na hii nyingine uniwekee," alimwambia Kilo, akionyesha ile pacha.

"Sihifadhi, rafiki yangu. Lori la tanuri liko getini. Kinachobaki leo kinayeyushwa, pamoja na ile mfu yako nikiipata."

Tepu alisita. Kisha akasema, "Basi, waichukue." Walipokuwa wanatoka, aliisikia pacha ikiburutwa kwa mnyororo juu ya kokoto.

Walifanya kazi kama waliopagawa. Nati aliunga vyuma vya maunti kwa moto, Tepu akimshikia kwa glavu za kupikia za mkewe. Walifunga rejeta ya gari jingine kwa mikanda aliyoishona Tepu mwenyewe, tabaka mbili za turubai. Walipitisha waya chini ya deshibodi, wakakosea, wakazirudia. Jirani wa moshi alichungulia ukutani, na badala ya kunung'unika akauliza, "Mzee vipi?" Hakungoja jibu, akaruka ukuta, umri wake wote ule, akashika tochi. Alipoondoka alisema tangu moshi uishe mkewe hapati usingizi, anahisi kama kuna msiba.

Siku ya kuwasha ilikuwa mkesha wa kliniki. Dada mkubwa alikuja na sahani aliyoifunika kwa kitambaa cheupe, viazi vilivyopondwa laini, maana alikuwa ameamua kuamini kwa siku moja. Tepu alimbeba baba yake mgongoni. Alikuwa mwepesi mno. Tepu amebeba majora ya kitambaa mazito kuliko yeye, na uzito huo mdogo ndio uliomlemea. Alimketisha kwenye kiti chake. Akamwekea mikono yake kwenye usukani wake. Mbele yake kioo chake chenye ufa.

"Shikamoo mzee," alisema Nati, akipenyeza mkono dirishani. "Safari hiyo." Akageuza ufunguo.

Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza. Kila mtu uani alishusha pumzi. Nati alirusha spana hewani akaidaka. Dada alifunua sahani.

Mzee alisubiri. Alitazama mbele. Halafu yeye mwenyewe akashika ufunguo, akauzungusha. Stata ikasaga meno ndani ya injini iliyokwisha kuwaka, Nati akaruka kama aliyeungua.

"Haiwaki," alisema mzee.

"Imewaka, baba," alisema Tepu. "Imewaka. Sikiliza."

Mzee aliinamisha kichwa, vilevile kama zamani. Akasikiliza kwa heshima, muda mrefu. Tepu alimshika mkono akamtoa nje, akauweka ule mkono juu ya boneti ili ahisi. Mzee aliupitisha juu ya chuma, huku na huku, kama anayempapasa mtoto kuona kama ana homa.

"Hamna mtu humu," alisema.

Sasa ndipo Tepu alipoelewa. Alielewa lote kwa mpigo mmoja: ile bilauri ya maji, ile pacha ikiburutwa kwenye kokoto, tepu yake iliyopima upana, kina na umbali, na isipime kikohozi wala mtetemo. "Nati!" alipiga kelele. "Toa sailensa! Ng'oa!" Nati alikwisha kuwa chini ya gari kabla hajamaliza kusema. Boliti zikalia, sailensa mpya ikaanguka, na injini ikapiga mlio mkali, mwembamba, kama pikipiki ya wahuni. Mzee akaziba masikio. Akaanza kulia kama mtoto, akimwita mkewe.

"Zima!" alisema dada. "Zima, tafadhali, zima."

Ikazimwa. Kwa kweli kulikuwa kimya kuliko siku ile ya kwanza. Dada alimfunika baba yake kwa kanga yake, akamketisha kwenye kizingiti cha mlango, na hakumlaumu mtu, aliweka sahani chini, akasema kwa sauti ndogo, "Nitaandaa nguo zake za hospitali." Akaingia ndani. Nati alibaki chini ya gari, miguu tu inaonekana, hataki kutoka.

Tepu alipiga magoti mbele ya baba yake. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalitoka pamoja. Alisema nisamehe. Alisema nilidhani haihitaji oili kwa sababu haiendi popote. Alisema ile pacha ya injini yako nimeiacha ikayeyushwa, baba, nimeiacha kwa mdomo wangu mwenyewe, na kesho watakufunga tena na mimi ndiye nitakayekupeleka. Akauweka uso wake kwenye magoti ya mzee, kwenye ile suruali ya kitambaa cha kijivu, akalia mpaka mabega yakaruka.

Mkono ukamgusa kichwani. Mzee alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anampigapiga taratibu, kama mtu anayemtuliza abiria aliyepoteza mzigo.

"Usilie, fundi," alisema. "Si kosa lako. Hili silo langu, basi. Langu amelipeleka mwanangu kutengenezwa."

Tepu akainua uso. "Mwanao?"

"Mshonaji yule. Humjui? Suruali hii kanishonea yeye, tazama mshono." Akaugeuza upindo wa suruali ili mgeni auone. "Amesema atalirudisha. Na yule akisema, amesema. Namsubiri."

Tepu alimtazama baba yake usoni, akatafuta humo kama anayetafuta sindano sakafuni. Hakuna alichokiona. Macho yalimtazama kwa wema, macho ya mtu mwenye adabu kwa asiyemjua. Tepu alijifuta kwa kiganja. Akaivuta sahani karibu.

"Amenipigia simu sasa hivi," alisema. "Mwanao. Amenipigia. Yuko njiani na gari. Amesema ule kwanza, asikukute na njaa."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Mzee alifikiri. "Ana wasiwasi sana yule," alisema, na akatabasamu kidogo. Kisha akafungua mdomo.

Tepu akamlisha. Kijiko cha kwanza alikijaza mno, viazi vikaanguka kwenye tepu iliyoning'inia shingoni mwake, akavipangusa. Mzee alitafuna, akameza. Dada alitokea mlangoni na nguo za hospitali mikononi, akasimama hapohapo, hathubutu kupumua. Nati alijivuta kutoka chini ya gari akaketi na kutazama. Kijiko kikaenda, kikarudi, mpaka rangi ya sahani ikaanza kuonekana.

"Foleni ni kubwa saa hizi," alisema mzee. "Huenda akachelewa."

"Huenda."

"Ukimwona, mwambie asikimbize gari. Mimi sina haraka. Na mwambie sikukasirika."

"Nitamwambia, baba."

Mzee aliacha kutafuna. Alimtazama huyu mtu mwenye macho mekundu aliyepiga magoti mbele yake, akamwonea huruma.

"Mimi si baba yako," alimwambia kwa upole. "Lakini asante." Akafungua mdomo tena.